Domeini ikiwa kwingine, uliza kwanza nani anaijibia

Mteja akikuambia domeini aliinunua kwingine na tovuti anataka ikae kwenye seva yenu, usikimbilie paneli ya seva. Andika kwanza kwenye terminali dig NS, kisha jina la domeini; dig ni amri ya kuuliza DNS, mfumo unaogeuza majina ya domeini kuwa anwani za seva. Seva za majina zitakazotokea ndizo zenye kauli. Rekodi utakayobadilisha mahali pengine popote haisomwi na mtu. Akaunti mpya kwenye seva yenu hujiundia zoni yake yenyewe (orodha ya rekodi za domeini), iliyokamilika kwa sura, na wengi wanaoanza kazi hii hushinda siku nzima wakirekebisha zoni hiyo ilhali maswali yote yanakwenda kwa msajili, yaani kampuni iliyouza domeini.

Hapo una njia mbili: kuelekeza seva za majina kwenu, au kuiacha DNS ilipo na kubadilisha rekodi A tu, inayotaja anwani ya IPv4 ya seva ya tovuti. Kama barua pepe za mteja ziko kwingine, mimi huchagua ya pili bila kusita. Ukihamisha seva za majina umehamisha kila kitu: MX (inayosema barua pepe zipelekwe wapi), TXT za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua zimetoka kwa domeini hiyo kweli), hata rekodi ya uthibitisho iliyowekwa zamani na mtu ambaye hayupo tena kazini. Usichokinakili kimepotea. Tovuti ikizimika, mteja atapiga simu mara moja. Barua zisipofika, huenda asijue hadi mtu amuulize mbona hajibu.

Na ukibadilisha A, tazama AAAA, rekodi ya anwani ya IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti. Ikibaki ya zamani, wenye IPv6 wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani, nawe mwenye IPv4 utamwambia mteja kwamba kila kitu kiko sawa. Hata cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt kinaweza kukataa kutoka, kwa kuwa ukaguzi wao huanza na IPv6 inapokuwepo.

Ikikulazimu kuhamisha seva za majina, mwombe mteja akupe zoni nzima kutoka kwa msajili, maana kwa kawaida DNS haikupi orodha kamili kwa kuuliza tu. Ijenge upande wenu kabla ya kugusa chochote. Kama TTL (sekunde ambazo jibu hutunzwa kabla ya kuulizwa upya) ni 86400, ishushe hadi 300 siku nzima kabla, kwa sababu walioshika jibu la zamani watakaa nalo mpaka muda huo uishe. Rekodi za NS zilizo kwenye seva za .com zina TTL ya 172800, yaani siku mbili, na hizo huwezi kuzishusha. Basi seva ya zamani iachwe ikifanya kazi. DNSSEC (ulinzi wa kutia saini majibu ya DNS) ikiwa imewashwa, ondoa rekodi ya DS, inayotambulisha ufunguo wa saini hizo, kwa msajili na usubiri muda wake uishe kabla ya kuhamisha, la sivyo wengi watapata kosa la SERVFAIL tu badala ya jibu.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa dig. Seva yenu ikidhani barua za domeini hiyo ni zake, ujumbe wa fomu ya mawasiliano utaishia kwenye kisanduku cha humo humo, bila MX kuangaliwa. Weka kwenye mipangilio ya barua kwamba zinapokelewa nje, tuma ujumbe kupitia fomu, na usifunge tiketi mpaka mteja aseme ameupata.