Kwa Mnaonunua Pikipiki Kuukuu ya Kwanza Mkitaka Kuifufua

Vijana wangu, naandika haya kwa sababu nimechoka kupokea pikipiki ndani ya karai. Mtu hununua Yamaha DT 175 iliyokaa chini ya mwembe kule Mumias tangu mwenyewe alipostaafu, huifungua yote Jumamosi moja kwa furaha, kisha baada ya miezi huleta hapa gereji, Nakuru, karai la boliti zisizo na kwao, fremu iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa, na ombi kwamba nimsaidie "kuunganisha tu". Ushupavu wenu naupenda, kwa kuwa mngeweza kuchukua Boxer mpya kwa mkopo na kulala usingizi. Hata hivyo makosa ni yale yale, yanafuatana kwa utaratibu ule ule, na mengi mnayafanya kabla hamjashika spana, siku ile mnapotoa pesa.

1. Nunua pikipiki iliyo kamili, hata kama imekufa. Bei ya pikipiki kuukuu ni ile unayomhesabia muuzaji pamoja na thamani ya kila kitu kilichokosekana, na hiyo ya pili haitajwi mnapopatana. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008 na pikipiki za Uhindi na Uchina zikajaa nchini, maduka ya spea kuanzia Kibuye kule Kisumu hadi hapa Nakuru yamejaa za Boxer na TVS, nazo za Kijapani za zamani zimebaki kutafutwa kwa kuulizana. Beringi hazipaswi kukutisha, kwani kila moja ina nambari ubavuni, na 6204 ya pikipiki ni ile ile 6204 ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Gasketi itakatwa, ringi zitapatikana, spoki zitatengenezwa. Kisichopatikana ni kifuniko cha injini cha upande, pampu ya oili, kabureta ya asili, kitu chochote cha ndani ya gia, na ile takataka ndogo ya plastiki ambayo muuzaji anakwambia "hiyo utapata tu mjini". Kama angeipata mjini angekuwa ameshainunua.

Mtu akiniuliza aanze na ipi, humwambia Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Injini nyingi za Kichina zilizofuata zilitoka kwenye muundo wake, hivyo spea zake zipo hata sokoni Luanda, ile ya Vihiga. Baada ya kunisikiliza kwa heshima, huenda akanunua DT, na namwelewa, kwa sababu nami nilifanya hivyo.

2. Makaratasi kwanza, chuma baadaye. Fanya uchunguzi wa usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha upige magoti ulinganishe nambari iliyopigwa shingoni mwa fremu na ile ya ubavuni mwa injini na zilizoandikwa kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki. Ukiona mahali pamepitiwa na grainda, funga mkoba wako uende nyumbani. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake nawe unaukubali kwenye yako, na sheria ya trafiki inakupa siku kumi na nne tu za kuitumia barabarani kabla ya kusajiliwa kwa jina lako. Pikipiki zilizokuwa za misheni na mashirika ya misaada ni nzuri na huwa zimetunzwa, lakini baadhi ziliingia nchini bila ushuru, na deni hilo huamka zinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Dai uonyeshwe kwamba ushuru umelipwa.

Kuna kijana wa Bungoma, fundi mwenye mikono ya dhahabu, aliyenunua Honda XL kwa mama mjane. Logbuku ilikuwa ya marehemu, na hakuna aliyekuwa na barua za usimamizi wa mirathi, ila mama alikuwa mkarimu na chai ilikuwa na maziwa mengi. Kwa muda wote ambao ile pikipiki ilikuwa makazi ya kuku hakuna ndugu aliyeidai. Kijana alipoimaliza na kuipitisha sokoni ikinguruma vizuri, watoto wa nyumba ndogo wakakumbuka kwamba mali ya baba haijagawanywa. Ilirudi kwao kwa amri ya chifu, ikiwa na tairi mpya.

3. Gusa silinda kwa kiganja kabla muuzaji hajapiga kiki, maana pikipiki inayowaka vizuri huku ilishapashwa moto kabla hujafika haijakuonyesha lolote.

4. Isome kabureta kabla ya kuiendesha, hasa ikiwa pikipiki inahama kutoka mwinuko mmoja kwenda mwingine. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili lilinigharimu injini nzima, na bado nawaona vijana wakilirudia huku wakinieleza kwamba nyakati zimebadilika.

DT yangu ya kwanza niliinunua Molo, kwa mzee aliyekuwa afisa wa mifugo, mtu mwaminifu ambaye hakunificha chochote alichokijua. Ilikuwa kamili, logbuku ilikuwa kwa jina lake, iliwaka ikiwa baridi, na kule juu ilivuta kupita nilivyotarajia. Pampu ya oili ilikuwapo ila imezibwa, kwa kuwa mzee alipendelea kuchanganya oili ndani ya tangi kwa kipimo chake mwenyewe. Molo iko takribani mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu, nilikokuwa nikiishi wakati huo, iko karibu mita 1,130. Hewa ya Kisumu basi ni nzito kuliko ya Molo kwa zaidi ya asilimia kumi, jeti kuu, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, inayotosha Molo haitoshi Kisumu, na injini ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye tangi ikipungukiwa petroli hupungukiwa na oili pia. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma, nikayafanyia mtihani, nikapita.

Kericho nilisimama kunywa chai, na kwa kuwa nilijiona mtu makini, nikafungua plagi niikague. Ilikuwa nyeupe, wala hapakuwa na dalili ya ile rangi ya kahawia tuliyofundishwa kuitafuta. Niliishika juani, nikamwonyesha mhudumu wa hoteli ambaye hakuwa ameuliza, nikamweleza kwamba injini hii ni safi na haina masizi hata chembe. Mhudumu alinipongeza. Plagi ilikuwa imenieleza kila kitu, kwamba injini inapungukiwa petroli, nami nikaipangusa kwa leso na kuirudisha mahali pake.

Kutoka Kericho barabara inateremka kupita Kapsoit na Kipsitet, na katika mteremko huo nilifunga mafuta nikaiacha injini ifanye kazi ya breki, jambo ambalo kwa dereva wa lori ni busara, lakini kwa pikipiki ya oili ya kuchanganya ni kuizungusha injini kwa kasi huku ukiinyima kilainishi. Kisha ikaja tambarare. Baada ya Awasi barabara imenyooka, jua la saa nane linachoma, mashamba ya mpunga ya Ahero yako mbele, na mtu aliyenunua pikipiki jana atafanya nini? Nilivuta mafuta yote. Injini ikatoa sauti nyembamba, kali, tamu kuliko yoyote niliyoisikia Molo, nami nikaifurahia hadi sekunde ambayo gurudumu la nyuma lilifunga. Vidole vilikuwa juu ya klachi kwa tabia tu, si kwa akili, na hivyo nikaishia majanini nikiwa mzima.

Ningekomea hapo hasara ingekuwa ndogo. Nilisubiri ipoe, nikapiga kiki, ikawaka, nikaendelea hadi Kisumu nikijiambia kwamba imepata joto kidogo kama mtu yeyote anayeteremka kutoka Kericho. Fundi wa kwanza niliyempelekea, mtu mchangamfu sana, alifungua silinda, akasugua kwa msasa alumini iliyogandamana ukutani, akaweka ringi mpya kwenye pistoni ile ile iliyokwaruzwa, akanipa mkono. Hakuuliza kwa nini pistoni ilishika, na mimi mwenye vyeti sikuuliza pia. Tulitibu kidonda tukamwacha mbwa. Iliposhika mara ya pili ilikuwa mbali zaidi na nyumbani, na safari hiyo beringi ya chini ya konrodi ilikwenda nayo.

Aliyenifundisha alikuwa mkereza vyuma mmoja karibu na Kibuye, mzee wa maneno machache. Alipima silinda, akanionyesha alama ya 1.00 juu ya pistoni, yaani ilikuwa imeshakerezwa hadi saizi ya mwisho na hapakuwa na chuma cha kukereza tena, kisha akaniagiza nimpelekee kabureta. Nilikwenda kuileta nikinung'unika, kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa habari ya silinda. Akafungua jeti kuu, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga, na kwa sindano akasukuma nje uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme. Mtu fulani, miaka iliyopita, alikosa jeti ndogo, akapunguza tundu kwa uzi huo. Kwa hewa ya Molo alikuwa amefanya kazi nzuri, na mzee wa mifugo aliendesha kwa furaha bila kujua kitu hicho kipo. Mimi niliuteremsha uzi huo hadi ukanda wa ziwa na kuuvutia mafuta yote. Slivu mpya ya silinda, pistoni, beringi na kazi ya kuunga krankshafti vilizidi bei niliyolipa Molo, wakati jeti ingenigharimu pesa ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo: fungua bakuli la kabureta siku ile ile ya kununua, usome nambari iliyochongwa kwenye jeti, uilinganishe na ya kitabu cha pikipiki, na uangalie tundu dhidi ya mwanga. Ukiwa unateremka, ongeza saizi kabla ya safari. Ukipanda kutoka Kisumu kuja hapa Nakuru, penye mita 1,850 hivi, utapata plagi nyeusi na nguvu kidogo, jambo linaloudhi lakini haliui injini. Na plagi isomwe baada ya kuvuta mafuta yote kisha kuzima papo hapo, si baada ya kusubiri ikijizungukia mbele ya hoteli.

5. Sili za krankshafti, zile ringi za mpira zinazozuia hewa na oili, za pikipiki ya mipigo miwili iliyokaa miaka huwa zimekauka, hata kama mwenyewe anaapa. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikipata moto, huku oili ya gia ikipungua bila kuvuja, maana yake ni sili ya upande wa klachi. Injini inayokataa kutulia unapoachia mafuta, ikabaki ikilia juu, huenda inavuta hewa kupitia sili ya upande wa flaiwili, lile gurudumu la sumaku mwishoni mwa krankshafti, na hapo msiendelee kuchokonoa kabureta.

6. DT nyingi za zamani ni za volti 6. Ukiweka balbu ya volti 12 itawaka hafifu, nawe utalaumu koili, na utauziwa koili.

7. Kufungua. Piga picha kabla ya kila boliti, kwa kuwa simu mnazo na picha za chakula mnapiga. Kila sehemu iwe na kopo lake lenye maandishi. Skrubu za msalaba za Kijapani hazilingani sawasawa na bisibisi ya kawaida, na ndiyo sababu vichwa vyake vyote mnaviletea gereji vikiwa mviringo; tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, na ugonge kwanza kabla ya kuzungusha. Flaiwili hutolewa kwa kifaa chake chenye nyuzi, ambacho mkereza yeyote atakutengenezea, wala haigongwi kwa nyundo, kwani ukiigonga utapindisha krankshafti na kupasua sumaku. Kijana mmoja aliigonga hapa hapa mlangoni pangu, nikiwa nimekwenda kumtafutia hicho kifaa. Naye ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo sikuweza hata kumtoza.

Zaidi ya yote, usifungue kisichohitaji kufunguliwa. Pikipiki ikiwaka, iendeshe polepole mtaani kwanza, uandike kwenye daftari kila kinacholia, kinachovuja na kinachocheza, kisha utengeneze kimoja baada ya kingine huku ikiendelea kuwa pikipiki. Ukifungua kila kitu kwa pamoja utapoteza nafasi ya kujua kilichokuwa kibovu na ulichokiharibu wewe.

8. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Nawaambia hivi nikitazama tangi la buluu yenye michirizi ya dhahabu, kazi ya mchoraji hodari wa matatu, lililoletwa wiki hii kutoka Free Area. Ndani yake kutu imejaa hadi bomba la petroli limeziba, na ili kulisafisha itabidi tulitie kokoto na siki na kulitikisa kwa nguvu. Mwenyewe ameomba tulitikise taratibu.