Umri wa Farasi wa Mbio

SWALI: Mzee, salaam. Dukani kwa kubeti hapa Arua wamebandika karatasi ya mbio za Breeders' Cup Juvenile Turf za Marekani, eti za farasi wa miaka miwili. Mmoja kazaliwa Februari, mwingine Mei. Umri wao ni sawa vipi? – Msomaji, Arua

JIBU: Salaam, mwanangu. Huo ni umri wa daftari. Kaskazini mwa ikweta, farasi wote wa mbio huongezewa mwaka tarehe 1 Januari. Wa Mei kapunjwa miezi mitatu, na kwa mtoto wa farasi hiyo ni misuli mingi. Ndiyo maana wafugaji hupenda wazaliwe mapema.

Mimi nimetibu punda Karamoja. Karatasi siiamini kama mdomo. Fungua midomo uone: meno mawili ya katikati ya utotoni hung'oka karibu na miaka miwili na nusu, farasi vilevile.

Mbio zenyewe zilianza 2007: maili moja, kama mita 1,600, juu ya nyasi. Ni za madume na waliohasiwa. Majike wana zao. Aidan O'Brien wa Ireland ndiye mkufunzi aliyezishinda mara nyingi zaidi. (Pesa ya karo usiiguse.)