Uliza Mwenyeji: Nzohe wa Saiwa ataonekana kweli?

SWALI: Watoto wangu wamekataa kurudi Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Wanasema vifaru wa huko wanawajua kwa sura. Nimesikia kuna kinamasi kinachohifadhiwa karibu na Kitale, kiitwacho Saiwa, chenye mnyama wa majini anayeitwa nzohe. Mume wangu anadai tutachoma mafuta bure: hakuna simba, gari haliingii ndani, na mama yake, ambaye hatuwezi kumwacha nyumbani, goti linamsumbua. Twende?
Mama Pacha, Nakuru

JIBU: Mama Pacha, mwambie baba watoto yote aliyosema ni kweli, kisha mpakie garini.

Saiwa ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita 3 za mraba tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya huyo nzohe. Sisi wa Trans Nzoia tumelima mahindi hadi ukingoni mwake, kwa hiyo usitarajie mbuga inayoishia kwenye upeo wa macho. Ni bonde ambamo Mto Saiwa unapita polepole, maji yanatanda na kuotesha matete, na msitu umesimama kando zote mbili.

Nzohe ni aina ya swala, jamaa ya pongo, ila kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana anakanyaga tope bila kuzama. Akishtuka hakimbilii nchi kavu. Huingia majini na kujizamisha, akabakiza pua tu. Sasa fikiria kundi la watoto linalopiga kelele kwenye njia ya mbao! Watu wa namna hiyo ndio wanaorudi mjini wakisema Saiwa haina kitu.

Ushauri wangu: msizunguke. Chagueni ulingo mmoja, yaani yale majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa kando ya kinamasi, mkae hapo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Muulizeni askari wa langoni ni upi ulio karibu na wenye ngazi nafuu kwa mama. Akishindwa kupanda, abaki chini kwenye kivuli. Huenda akaona mengi kuliko ninyi, maana mbega na kima wa Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, hukaa kwenye miti ya kando ya maji. Huko juu ninyi tazameni pale matete yanapoachana. Nzohe dume ana pembe zilizojipinda na rangi ya kiza. Jike ni mwekundu-kahawia, hana pembe. Jua likishakuwa kali hurudi ndani ya matete, nanyi mnaweza kunywa chai. Jioni hutoka tena.

Msijaribu kwenda na kurudi Nakuru siku moja. Mtafika saa ambazo nzohe amejificha, na mumeo atapata ushahidi wake. Laleni Kitale, asubuhi ni mwendo mfupi kwa barabara ya Kapenguria, kisha mnachepuka Kipsaina. Sweta ni lazima, huku ni juu na alfajiri ina baridi. Aprili na Mei tope ni jingi, bebeni gambuti. (Kuna mgeni huja na raba nyeupe kila msimu. Simsemi.)

Mkitoka, msikimbilie lami. Kwenye mashamba na malisho yenye maji ya hapo Kipsaina, tafuteni ndege aitwaye korongo taji. Mara nyingi hutembea wawili wawili, na hao hata kwenye gari mama atawaona vizuri.

Kiingilio lipeni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kabla ya safari, kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu.