Grafu yangu inapoteza kilo za dagaa: tatizo liko wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Mwanza, nakusanya takwimu za mizigo inayosafiri kati ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na soko la Kirumba. Jedwali langu lina safu tatu: kutoka, kwenda na kilo. Nikilipitisha kwenye from_pandas_edgelist ya NetworkX (maktaba ya Python ya kujenga grafu, yaani mitandao ya vituo na viungo), grafu inatoka na viungo vichache kuliko mistari ya jedwali, wala haitoi ujumbe wowote wa kosa. Hii ni hitilafu ya programu?

Jibu: Marahaba. Programu ni nzima. Kinachokuponza ni chaguo-msingi la fankisheni hiyo: usipotaja aina ya grafu, inakujengea Graph, ambayo haijali mwelekeo na hubeba kiungo kimoja tu kati ya nodi mbili, yaani vituo viwili. Kiungo kikijirudia, thamani mpya inafuta ya zamani.

Tuchukue mistari mitatu. Nansio kwenda Kirumba, kilo 800 za dagaa. Nansio kwenda Kirumba tena, kilo 650. Kisha Kirumba kwenda Nansio, kilo 60 za sukari. Jumla ni kilo 1,510, lakini grafu itabaki na kiungo kimoja chenye kilo 60, yaani ile sukari iliyokuwa inarudi kisiwani. Dagaa wote wamefutika! Ndiyo maana nalichukulia tatizo hili kwa uzito: mchoro unatoka safi, na atakayeusoma ataamini kwamba kati ya Ukerewe na soko zinapita kilo 60 tu.

Pima kwanza. Jumlisha safu ya kilo kwa sum, halafu iulize grafu yenyewe kwa G.size ukiipa weight="kilo". Majibu yakipishana, kuna mzigo umepotea.

Kulikwepa tatizo, panga jedwali kwa groupby (inayokusanya pamoja mistari inayofanana) ukitumia kutoka na kwenda, weka as_index=False, jumlisha kilo, ndipo ujenge grafu kwa create_using=nx.DiGraph, aina inayojali mwelekeo. Hapo utapata viungo viwili: 1,450 kwenda Kirumba na 60 kurudi. Ukitaka kila safari ibaki peke yake, tumia nx.MultiDiGraph bila kujumlisha. Kwa kazi yako mimi ningechagua DiGraph, ni rahisi kuikagua.

Ila usikimbilie groupby kabla ya kusafisha majina. "Nansio" yenye nafasi mwishoni ni nodi nyingine kabisa kwa Python, str.strip inaondoa hiyo. Ngumu zaidi ni majina ya mtaani. Karani mmoja ataandika Kirumba, mwingine Mwaloni, na wote wanamaanisha soko lilelile. Hapo strip haisaidii, na hata ulinganisho wa jumla hautakuonyesha kosa, kwa kuwa kilo zote zipo, zimegawanyika tu. Chapisha orodha ya G.nodes, ipitie kwa macho jina kwa jina, kisha unganisha yanayofanana kwa replace kwenye jedwali na ujenge grafu upya.