Mikono ya Fisk
Umeuliza kwa nini mechi ya sita ya fainali za besiboli Marekani, 1975, bado inarudiwa kuonyeshwa ilhali Boston Red Sox hawakuchukua ubingwa. Mtazame Carlton Fisk tu, mchezaji wa Boston. Raundi ya 12, ubao unasoma 6-6 (Bernie Carbo, mwenzake, ndiye aliyesawazisha raundi ya nane), na saa sita usiku imeshapita pale Fenway Park, uwanja wa Boston. Fisk anaupiga mpira juu, upande wa kushoto, kisha anarukaruka pembeni akiupungia kwa mikono yote miwili, kama mchungaji anayeswaga mbuzi: usitoke nje! Ukagonga nguzo ya mpaka, na ukigonga hapo unahesabiwa uko ndani. 7-6! Usiku uliofuata wapinzani wao, Cincinnati Reds, wakashinda mechi ya saba 4-3 wakabeba kombe, lakini mimi ile mikono hainitoki akilini.