Wete hakutokei kitu, niandike nini?

*Maswali ya wasomaji kuhusu uandishi*

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Hakuna aliyeuliza mkato unakaa wapi. Karibu wote wanauliza watoe wapi la kuandika. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakisha.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, kwetu ni nje kidogo ya Wete. Napenda kuandika hadithi fupi lakini huku hakutokei kitu. Ni karafuu, skuli, msikitini, kulala. Wenzangu wa mjini Unguja ndio wenye mambo. Nianzie wapi?

Waalaykumu salaam, mwanetu. Umeitaja karafuu kama mtu anayetaja ukuta wa nyumba yake. Hebu isogelee.

Karafuu inayouzwa ni kitumba cha ua, na huchumwa kabla hakijafunguka. Kikishachanua, thamani yake imekwenda. Kwa hiyo mkarafuu uliokomaa humtia mwenye shamba haraka ya siku chache tu, na siku hizo hizo anahitaji watu wa kupanda juu. Tayari unaye mtu mwenye haraka, unaye mwengine mwenye nguvu anazozihitaji yule wa kwanza, na ipo bei ya kukubaliana. Hadithi nyingi tunazoletewa hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Sogea tena. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Pishi ikifutwa juu kwa kiganja ikawa sawa na mdomo wa kipimo, hiyo ni ya mfuto. Ikiachwa itunge kilima, karafuu za kile kilima mchumaji amezitoa bure. Pishi kumi ni vilima kumi. Sasa kiganja kinachofuta, au kinachojifanya kimesahau kufuta, ni cha nani? Kikiwa cha mgeni, mchumaji atasema. Kikiwa cha mjomba aliyemlea, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kwa kuandika. Sentensi ya "Msimu wa karafuu ulipofika watu wote walifurahi" haina kiganja, haina kilima, haina mjomba. Ndiyo maana ukishaiandika unakwama.

Halafu kuna usiku wa kuchambua. Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, mikono ina kazi na midomo haina. Ukitaka kusikia watu wanavyozungumza hasa, kaa uchambue na wewe. Usijitenge pembeni na daftari, maana watu wakiona kalamu huanza kusema Kiswahili cha redioni. Sikiliza, kisha kabla hujalala andika maneno matatu kama yalivyotamkwa, kwa Kipemba chao, bila kuyanyoosha. Ukingoja hadi kesho utabaki na maana, lakini maneno yenyewe yatakuwa yameshakuwa yako.

Na kuna kuanika. Kilo 3 mbichi zikikauka hukaribia kilo 1. Zinataka siku kadhaa za jua kali juu ya majamvi, na mvua ikizikuta zinaharibika rangi na bei. Wingu likitanda saa nane mchana, nyumbani kabaki nani? Ukimweka mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa asitoke, una hadithi ya kurasa nne.

Kazi yako ya wiki mbili: daftari moja la skuli, likate katikati liingie mfukoni. Kila siku mistari mitano, si zaidi. Miwili ya maneno uliyoyasikia, miwili ya vitu vilivyofanywa kwa mikono, mmoja wa jambo ambalo hukulielewa. Huo wa tano usiuruke, mara nyingi ndio unaozaa. Usiandike hisia zako humo. "Nilisikitika" haitakusaidia kitu baada ya mwezi. "Alikunja jamvi huku bado lina karafuu ndani" itakusaidia.

Ninalo daftari tangu mwaka jana. Limejaa. Kila nikilifungua nasoma, nacheka, nalifunga. Hadithi haitoki. Tatizo liko wapi? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Tatizo ni kwamba umeweka akiba hujaweka chungu motoni. Ulituma kurasa tatu, tumezisoma, na kuna mstari tumeupenda kuliko yote: *Bi mkubwa kashuka, kasahau mfuko wa samaki chini ya benchi.* Tuufanyie kazi huu huu.

Uulize mambo matatu. Nani anataka nini? Upo muda gani? Nani anajua asilolijua mwengine? Swali la pili samaki ameshakujibia: kwa joto letu, asiyetiwa barafu hamalizi mchana. Hukuhitaji kubuni saa, iko ndani ya mfuko. La kwanza nalo si gumu, kuna mtu anamngojea samaki yule. La tatu ndilo lenye utamu. Gari za mbao zina mabenchi yanayotazamana, abiria hukaa magoti kwa magoti, na kinachowekwa chini ya benchi huonwa vizuri zaidi na aliye upande wa pili. Basi tuseme aliyeuona mfuko ni kijana wa upande wa pili. Kwa nini hakusema? Tukiandika kwamba alikuwa mwizi, hadithi imekufa hapo hapo. Tukiandika kwamba nauli yake imepungua na anajikunyata konda asimkumbuke, basi kila mlango anaoufungua unamgharimu. Akisema, konda anamgeukia. Asiposema, mchuzi wa watu unaharibika miguuni pake, na harufu inaanza kupanda.

Fanya hivyo kwa mstari mmoja kwa wiki. Anza hadithi kwenye mfuko. Usianzie kijana anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai. Ukishaandika rasimu, futa aya ya kwanza uone kama kuna kilichopotea. Kwa kurasa ulizotutumia, mara mbili hakikupotea kitu.

Na mstari ambao maswali matatu yanaushinda, uache. Kuna mistari mizuri ambayo ni mizuri tu.

Nalima mwani Jambiani. Nna mambo mengi kichwani nikiwa majini, nikifika nyumbani yameshatoka, na nimechoka. Daftari pwani haliwezekani. Nifanyeje?

Dada, wewe unayo kalenda ambayo waandishi wa mjini hawana. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali nawe uko shambani. Hizo ziwe siku za kukusanya tu, usijilazimishe kuandika. Siku za maji mafu bahari haitoki sana na kazi ya majini hupungua. Hizo ndizo za kukaa na karatasi. Katika mwezi mmoja utapata vipindi viwili, na hiyo inatosha kwa mtu anayefuatisha. Usijipangie saa moja isiyobadilika kila siku, kwa sababu maji kupwa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, na ratiba ya namna hiyo itakuvunjika kabla ya wiki kwisha. Watu wengi hudhani wameshindwa kuandika, kumbe ilishindwa ratiba.

Majini, tumia vidole. Jambo moja kidole kimoja, neno moja tu kwa kila jambo: *kigingi, mkwe, weupe*. Mwisho matano. Kila unapomaliza kufunga kamba moja, yapitie kwa vidole. Ukifika nchi kavu andika hayo matano kabla hujazungumza na mtu, kwa penseli, kwenye karatasi unayoihifadhi ndani ya chupa yenye kifuniko. Wino ukiguswa na mkono wa chumvi hutambaa, penseli haitambai.

Neno "weupe" umelitaja mwenyewe katika barua, kwamba mwani umegeuka mweupe ukakatika. Anzia hapo. Mwani huchukua kiasi cha wiki sita hadi kuvunwa, na maji yakiwa moto sana hugeuka mweupe na kukatika, hasa ile aina yenye bei nzuri. Mwanamke anayekwenda kutazama kamba zake wiki ya tano, akakuta weupe kwenye kamba ya jirani na bado si yake: andika matembezi yake ya kurudi. Majina ya kazi yaache kama mnavyoyasema, taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, ziwe taitai. Msomaji wa mjini ataelewa kwa kuona mkono unafanya nini.

Mazungumzo ya barazani yana hadithi kila jioni. Lakini nikiandika, wazee watajitambua. Nimebadilisha majina. Inatosha? — Msomaji, Chake Chake

Haitoshi hata kidogo. Kwetu mtu hatambulikani kwa jina peke yake, hutambulikana kwa kazi yake, mkwewe ni nani na nyumba iko wapi. Badilisha hayo matatu kwa pamoja. Mvuvi awe fundi cherahani, mkwe awe shemeji, Chake iwe Mkoani au mahali ulipopabuni. Bora zaidi, changanya watu wawili: kigugumizi cha huyu, deni la yule. Kisha mpe rasimu mtu wa mtaa huo huo aisome. Akikuuliza "Huyu si fulani?", rudi kazini.

Lipo jambo moja hatutalizungusha. Ulichoambiwa kwa siri, ugonjwa wa mtu, na aibu ya mtoto, hivyo usivitumie hata ukibadilisha kila kitu. Yaliyosemwa hadharani ni habari nyengine, na yana ukoo mrefu hapa kwetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, aliimba mambo ya mtaani na kesi za mahakamani ambazo mji mzima ulikuwa unazijua. Hakuhitaji kuchungulia dirishani kwa mtu.

Na simu usiiwashe kurekodi watu bila kuwaambia. Tunajua wengi wanafanya. Si adabu, na tena haina faida: utapata saa mbili za kelele za vikombe vya kahawa na hutazisikiliza tena.

Mimi mshairi. Nikikaa kutunga natafuta vina kwanza, halafu shairi linakuwa halina uhai. Yale ya sokoni ninayoyaona hayaingii. Nisaidieni. — Msomaji, Malindi

Umeanza kwa kufunga mlango halafu unatafuta ufunguo ndani. Geuza. Nenda diko asubuhi, sikiliza mnada na wanaochagua samaki, urudi na maneno ya watu. Kisha hesabu mizani. Utashangaa maneno mangapi ya kawaida yanaangukia nane yenyewe. Kwa mfano: *Samaki wa jana huyu.* Sa-ma-ki-wa-ja-na-hu-yu, nane kamili, nusu ya mshororo wa tarbia wenye mizani 16. Aliyeyasema hakuwa anatunga.

Tuongeze kile alichokiona, maana samaki wa jana hutambulikana kwa macho yaliyozama na mashavu yaliyopauka:

*Samaki wa jana huyu, macho yake yamezama.*

Ni mshororo mzuri, lakini una mtego. Kina cha kati ni *-yu*. Una *huyu*, una *mbuyu*, na mshororo wa tatu utakukuta unahangaika. Hapa ndipo washairi wengi huingiza maneno yasiyohusika, shairi likapoteza uhai. Usitafute neno la ajabu. Pindua maneno yale yale:

*Huyu samaki wa jana, macho yake yamezama,*
*Mnunuzi anaguna, mchuuzi anasema.*

Sasa vina ni *-na* na *-ma*, ambavyo Kiswahili kinavyo tele. Kumbuka *m* ya *mnunuzi* na ya *mchuuzi* ni mizani inayojitegemea. Ukiisahau utaona silabi saba na utaongeza kitu cha bure. Maliza ubeti wewe. Mshororo wa tatu tungeupeleka kwa paka, lakini shairi ni lako.

Kanuni ya kufuatisha, basi: kwanza maneno ya watu, pili mizani, mwisho vina, na vina viwe vya kupindua, visiwe vya kubandika. Usomapo rasimu, soma kwa sauti na upige kofi kila silabi. Jicho hudanganya, hasa kwenye maneno yenye irabu mbili kama *kuuza* na *saa*, ambapo kila irabu ina mizani yake.

Je, picha za simu zinaweza kuwa daftari langu? — Msomaji, Paje

Nusu. Picha inashika rangi na mpangilio, haishiki harufu, sauti wala kilichotokea dakika moja kabla. Ukipiga, andika chini yake mistari miwili papo hapo: mmoja wa kilichosikika, mmoja wa kilichokuwa nje ya picha, upande wa mkono wako wa kushoto. Na ukiwa na picha 400 zisizo na maneno, chagua kumi na mbili uzifanyie hivyo kwa kumbukumbu wiki hii, hizo nyengine zifute.