Macho ya Bibi Arusi, Paleti za Dubai na Joto la Lamu

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mpambaji. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu, na ni mpenzi mkubwa wa vipodozi vya macho vya Huda Beauty. Shangazi yangu aliyeolewa Dubai huniletea paleti kila ajapo, na jioni nyingi hujikalia mbele ya kioo nikichanganya rangi, nikijipiga picha, nikiosha na kuanza upya. Sasa binamu yangu anaolewa, nami nimeombwa nimpodoe macho siku ya kutolewa nje, atakapoonyeshwa kwa wageni wanawake. Nina shida mbili. Rangi hukusanyika kwenye kikunjo cha jicho kabla vugo, ngoma yetu ya wanawake ya harusi, halijapamba moto, na zile nyepesi, ambazo kwenye paleti zinavutia mno, kwenye ngozi yetu ya maji ya kunde hugeuka kijivujivu. Je, nimwambie shangazi alete paleti nyingine?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu, na hongera kwa kukabidhiwa uso wa bibi arusi. Paleti nyingine huihitaji. Mapenzi yako nayaelewa, kwa kuwa jicho zito, lililokolea wanja na kung'aa katikati, halikuwa geni pwani hii hata kabla ya kampuni hiyo kuwapo. Mwanzilishi wake, Huda Kattan, alizaliwa Marekani kwa wazazi kutoka Iraq, akahamia Dubai, na mwaka 2013 akaanza na kope bandia. Paleti yake ya kwanza ya macho, Rose Gold, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na rangi 18, na Desert Dusk, yenye rangi 18 vilevile, ikafuata mwaka 2017. Humo mna rangi zilizopewa majina ya Oud, Saffron, Amber na Musk, kana kwamba zimetoka kwenye kijaluba cha bibi. Mimi, ukinilazimisha kuchagua, ningebaki na Desert Dusk, kwa sababu zambarau na kahawia zake hukaa juu ya ngozi nyeusi bila kubembelezwa.

Hata hivyo, mtindo huo umekulia katika mji wa viyoyozi, ilhali harusi yenu itakuwa uani, wanawake wamejazana bega kwa bega, na hewa imebeba unyevu wa bahari. Rangi ya macho ni unga ulioshindiliwa: oksidi za chuma ndizo zinazoleta kahawia, wekundu na manjano, maika, madini ya kumetameta, huleta mng'aro, talki, madini laini ya unga, hujazia, na mafuta kidogo huushikanisha unga wote. Jasho na mafuta ya ngozi yanapoufikia, unga hulegea na kusukumwa pale ambapo ngozi hujikunja kila mtu apepesapo jicho. Kinachohitaji kazi, basi, ni ngozi iliyo chini ya rangi.

Siku hiyo usimpake bibi arusi krimu yoyote ya mafuta juu ya ngozi ya kope. Ifute kope kwa kitambaa chenye maji kidogo, uiache ikauke, kisha upake praima (kipako cha kuishikisha rangi) au konsila (krimu ya kuficha madoa) kwa ncha ya kidole, nyembamba kiasi cha kutoonekana. Wapodoaji wengi wanaoanza hupaka nyingi wakidhani ndiyo itakayoshika zaidi, na hiyo ndiyo inayokunjika kwanza. Juu yake gandamiza poda ya rangi ya ngozi yake. Hapa ndipo utakapotatua pia ule ukijivu: rangi nyepesi huwa na unga mwingi mweupe, nao ukiwekwa juu ya ngozi ya kahawia bila kitu cha kuupasha joto hufanana na vumbi. Chagua konsila inayolingana na ngozi ya binamu yako au iliyokoza kidogo, yenye asili ya rangi ya chungwa, na usikubali kuuziwa ile nyeupe ambayo hupendeza kwenye video za wasichana wa ngozi nyingine.

Kisha anza na kahawia ya wastani isiyong'aa, uiweke juu kidogo ya kikunjo, huku amefumbua macho na kutazama mbele, kwa maana ukimpodoa akiwa amefumba utaipoteza kazi yako yote atakapofumbua. Chukua unga kidogo kwenye brashi laini, ukung'ute, uongeze taratibu. Rangi iliyokoza, iwe kahawia nzito au zambarau, iweke kwenye pembe ya nje kwa kugandamiza. Ukiisugua utainyanyua praima iliyo chini. Ya kung'aa ije mwisho, katikati ya kope peke yake, kwa kidole kilicholowa kidogo, kwani maika hushika vizuri zaidi ikiwa na unyevu na haimwagiki mashavuni. Macho yatangulie faundesheni, ili unga utakaoanguka uufute bila kuharibu uso uliokwisha kukamilika.

Kuhusu kiasi cha mng'aro nina msimamo, na wapo watakaonipinga. Bibi arusi wa Lamu tayari ana dhahabu kichwani na shingoni, ana hina na piko mikononi, na nguo yake pengine ina nakshi za kumeremeta. Jicho likimeremeta nalo toka pembe hadi pembe, mtazamaji hajui atulize macho wapi, na taa za kamera hulifanya lionekane limelowa. Mjaribu siku kadhaa kabla, saa zilezile za usiku, akae nayo uani na wala si chumbani chini ya feni. Maskara iwe isiyoathiriwa na maji, maana mama yake atalia na yeye atamfuata.

SWALI: Bi Mpambaji, shikamoo. Niko Malindi. Je, naweza kutumia wanja wa manga wa dukani pamoja na rangi zangu za paleti? Na zile za waridi na nyekundu kali zimeandikwa kwamba si za kupakwa karibu na macho, nami nimezipaka mara nyingi.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baadhi ya wanja wa asili husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, nayo huudhuru mwili, hasa ubongo wa mtoto mdogo. Marekani wanja wa aina hiyo hauruhusiwi kuuzwa kama kipodozi. Kama chupa haionyeshi kilichomo, iache, na mtoto mchanga usimpake kabisa hata kama bibi atanuna. Tumia wanja wa penseli au wa jeli wenye orodha ya viambato.

Ama hayo maandishi, nchini Marekani baadhi ya viini vya rangi nyekundu na waridi haviruhusiwi kutumiwa karibu na macho, ingawa kwingineko vinaruhusiwa, na ndiyo sababu ya onyo hilo. Kama hukuwashwa wala kuvimba, huna haja ya kutaharuki, lakini kuanzia sasa fuata maandishi na uzipake mbali na mstari wa kope. Angalia pia mchoro wa kikopo kilichofunguliwa nyuma ya paleti: 12M maana yake ni miezi 12 tangu kufunguliwa. Maskara haifiki huko. Itupe baada ya miezi mitatu, na usimwazime mtu, hata dada yako.